Kitanda cha Ukungu

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi za shule, siyo kwamba zimekunjana, ila huku kwetu Tukuyu mvua ikishaingia nguo hazikauki kwa jua, zinakauka kwa pasi ya mkaa, unapiga mvuke unapanda, unapiga tena mpaka mvuke uishe. Ikupa akaja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, akakaa kwenye benchi la jikoni kwa bibi, akaanza kumenya ndizi bila kuambiwa, na mimi nikajua huyu ana jambo. Ikupa ni mtoto wa baba mdogo, tumekua pamoja, hajawahi kumenya ndizi bila kuambiwa. Akasema, Atu, kesho tunacheza au hatuchezi? Nikasema tunacheza. Akasema, na kile kitanda? Nikapiga pasi sehemu ambayo nimeshaipiga. Akasema, mi nimechoka kukokota kitanda, mwaya. Nimekipandisha mlima, nimekivusha mto wenye mamba, nimeingia nacho vitani, kila tukivamiwa lazima kwanza tuulizane kitanda kiko wapi. Sasa unatupeleka kwenye nyota, chombo chenyewe cha siri, chembamba, na bado unataka kitanda kiingie? Kama kinaingia, mi siingii.

Kitanda chenyewe ni hivi. Tuna mchezo wetu, tunauita Mashujaa, kaka yake Ikupa ndo alitufundisha alipokuja likizo kutoka chuo Mbeya. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anatengeneza dunia yote, barabara, maadui, hali ya hewa, na wengine kila mmoja ana shujaa wake mwenye nguvu zake. Msimulizi anasema kilicho mbele yako, wewe unasema unafanya nini, dadu inaamua kama umeweza. Dadu tulichukua kwenye ludo ya baba mdogo. Ikupa akajitengenezea shujaa anaitwa Sumaku, anavuta chuma chochote. Subilaga, binti wa Mwalimu Mwaisumo, nyumba ya pili kutoka kwetu, akajitengenezea Ukungu, anageuka ukungu na kupita chini ya milango. Na mimi nilikuwa sijui niwe nani, maana mimi nikijibu darasani mwalimu anauliza nani kaongea, na ni mimi niliyekaa mbele yake. Subi akasema, Atu awe msimulizi. Ikupa akacheka, huyu? Tutasikia nini sasa? Subi akasema, Atu akiongea kama Atu hasikiki, mwacheni aongee kama watu wengine. Basi siku hiyo nikawa mwanajeshi, nikawa malkia, nikawa mto unaongea, nikawa jambazi mwenye mafua, mpaka bibi akaingia kutoka shambani anauliza hawa wageni wametoka wapi na wamekula? Subi alicheka, ana kile kicheko chake kinachoanzia puani kama mtu anayepaliwa, akasema bibi, wageni wote hawa ni Atu.

Na sheria ya kitanda aliileta Subi mwenyewe. Mchezaji asipokuja, labda anaumwa, labda mama yake kamtuma, shujaa wake analala. Hakuna wa kumwamsha ila mwenyewe, hakuna wa kumwua, hakuna wa kumtumia, na hamruhusiwi kumwacha njiani, mnambeba. Ilikuwa sheria nzuri wakati mtu anakosa siku moja. Halafu Mwalimu Mwaisumo akahamishiwa Masasi, huko mbali kabisa kusini, wakapakia godoro na kabati kwenye lori, na Subi akatuambia mlazeni Ukungu, nitakuwa nacheza kwa simu. Kweli akacheza, kwa simu ya mama, tumeiweka katikati ya benchi, sauti inakatika, anasema napita chini ya mla, halafu kimya, tunangoja, ngo, ndo anamalizia. Halafu akawa ana masomo ya ziada. Halafu akawa anajibu hahaha tu. Halafu hata hahaha ikaisha. Ukungu kalala, na kwa sababu Sumaku anavuta chuma tukamlaza kwenye kitanda cha chuma, na tangu hapo Ikupa anakikokota.

Sasa Ikupa akaweka kisu chini. Chagua, akasema. Ukungu afe chombo kinaporuka, kifo kizuri, cha kuokoa wenzake, tutalia, yataisha. Au tumpe Edina amchukue. Edina ni mtoto wa nesi aliyehamia nyumba ya kina Subi, anapenda kucheza, ni mtu mzuri, hilo ndo linaniuma. Nikasema, na Subi? Nilisema kwa sauti yangu ile, sijui hata kama ilifika kwenye benchi. Ikafika. Ikupa akasema, Subi ana wenzake huko, Atu. Alikujibu lini mara ya mwisho? Mkaa ukalia kwenye pasi. Sawa? akasema. Nikatikisa kichwa kwamba sawa. Mimi huwa natikisa kichwa. Akainuka, akajifunika mfuko wake, akaenda, na zile ndizi hata nusu hakumaliza.

Mchana nakaa pembeni ya moto na makaratasi yangu, napanga safari. Chombo kinaondoka kwa siri, mashujaa hawaagi hata mama zao, kinakwenda mbali ambako jua letu linaonekana nukta. Naandika mlango. Naandika mlinzi mmoja, mrefu. Naandika ndani ya chombo kuna mji mdogo, watu. Lakini safari ya siri lazima iwe na siri, kwamba wanakwenda kufanya nini hasa, na msimulizi lazima aijue kabla ya wachezaji, na mimi sina. Kila nikifikiria siri naona Ukungu anakufa, kila nikifikiria Ukungu anakufa naona Subi anasikia kwa mtu mwingine. Mvua inagonga bati, inagonga, halafu haigongi tena, inavuma, inavuma sauti moja kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, nainua kichwa nimwambie bibi leo mashine wamefungua, bibi hayupo, na ukuta wa jikoni umesogea nyuma, unasogea bado, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kutaka kugeuka. Mlango peke yake ndo umebaki palepale, ila umekuwa mnene kama kifua, umeandikwa MLANGO kwa mwandiko wangu. Nausukuma. Hauna uzito.

Nje kuna barabara, na barabara iko ndani. Ina lami, ina mtaro wa maji pembeni, ina nyasi zile ndefu za kwetu zenye umande, na juu badala ya mawingu kuna dari ya bati jeusi yenye madirisha, na kwenye madirisha nyota zinapita polepole kama cheche za mkaa ukipuliza. Barabara inanyooka mpaka macho yanachoka, halafu inanyooka tena. Natembea. Napita kibao kimeandikwa KARIBU, natembea sana, napita kibao kimeandikwa KARIBU, na unyayo wangu uko chini yake, mbichi. Mtu mrefu amesimama pale. Ugonile, ananiambia, ile salamu yetu ya kuulizana umelalaje, na nashindwa kuitika kwa sababu sioni sauti imetoka wapi, mbele ya kichwa chake ni laini tu, kama yai. Namuuliza, shikamoo, samahani, sura yako iko wapi? Anasema, nikuulize wewe. Umeandika mlinzi mmoja, mrefu. Urefu ninao, nashukuru, urefu umenitosha na kubaki, lakini pua sina, mafua yananisumbua, napigia wapi chafya? Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Namwambia nilikuwa na haraka. Anasema, wote mna haraka, halafu barabara ndo hii.

Tunatembea pamoja na kila tukitembea mlinzi anakuwa mrefu kidogo, kwa sababu hicho tu ndo alichopewa. Namuuliza chombo kinakwenda wapi. Anasema, kinakwenda alipo ambaye hayupo. Namuuliza tutafika lini. Anasema, mtafika mkiacha kumfuata. Namwambia hayo siyo majibu, baba. Anasema, msimulizi mwenyewe hana majibu, mimi mlinzi niyatoe wapi, mfukoni? Hata mfuko hukuniandikia. Nataka kucheka na nataka kulia, na vyote viwili vinapita njia moja. Namwambia, basi niambie siri ya safari tu, nitakuandikia pua nzuri. Anainama, anainama sana, ana safari ndefu ya kuinama, ananong'ona kwa uso ule usio na mdomo, siri ya safari unaijua, ila bado hujaisema kwa sauti yako, umezoea kuazima. Halafu ananyoosha mkono mbele. Nasikia kitu kinakwaruza lami. Kiii, kiii, kinapumzika, kiii.

Ni Sumaku. Namjua kabla sijamwona vizuri, maana Ikupa amemchora mara nyingi, ana mabega ya Ikupa na magoti ya Ikupa yenye makovu ya baiskeli, ila ni mkubwa, na mwilini amejaa chuma, misumari, vijiko, mfuniko wa sufuria begani, hata pasi ya mkaa imemng'ang'ania kiunoni na bado inafuka. Nyuma yake anakokota kitanda. Blanketi la kijivu limefunika mpaka juu. Haya, ananiambia, umekuja mwenyewe leo, siku zote unakaa kwenye benchi unatuambia kuna mlima, kuna mlima, njoo uuone sasa mlima. Naenda nyuma, nasukuma. Miguu ya kitanda inalia kwenye lami. Namwambia pole. Anasema pole haisukumi. Tunakwenda, barabara inapanda, inageuka, inarudi, napita tena kibao kile, na nyayo pale chini zimekuwa nyingi, na zote ni zangu, nyingine ndogo, za nilipokuwa darasa la sita. Na kadiri ninavyosukuma nagundua kitu, kitanda hiki ni chepesi. Chepesi kuliko vitanda. Namwambia, Sumaku, mbona. Ananikatiza, sukuma, Atu, usiongee. Namwambia, lakini. Anasema, nimesema sukuma.

Halafu barabara inaingia mjini, na mji ni Tukuyu. Ile stendi, ile miteremko, maduka yenye baraza, mama wanaouza ndizi wamepanga mikungu kwenye mifuko, harufu ya moshi na majani ya chai yaliyolowa, kila kitu kipo, na kila kitu kiko kinyume. Vibao vya maduka vimeandikwa kutoka kulia, Mlima Rungwe ambao ukisimama kwa bibi uko mkono wa kulia, hapa umehamia kushoto na umetulia kama umezaliwa huko. Watu wanasalimiana kwa mkono wa kushoto na hakuna anayeshangaa. Sumaku anasema, wameujenga waliokuwa chomboni, hawakuaga kwao, sasa wameujenga kwa kukumbuka, na ukikumbuka sana kitu kinageuka. Nataka kusimama. Kuna nyumba ya kina Subi na ule uzio wa michongoma, na kwenye mlango kuna lori, na kabati linashushwa, siyo linapakiwa, linashushwa, godoro linaingia ndani, lori linarudi kinyumenyume kutoka Masasi, na moyo wangu unaruka. Lakini walioshika godoro hawana sura. Wanaliingiza, wanatoka na jingine lilelile, wanaliingiza tena.

Watu wa mji wananizunguka. Ndo huyo, ndo huyo aliyetuandika, wanasema, watu, katuandika watu, basi kaweka nukta. Mama mmoja mwenye kikapu anasema, mwanangu, mimi sidai uzuri, nipe macho tu, nimeuza ndizi mbivu kwa za kupika tangu tuondoke. Namwambia macho yako ni kama ya bibi yangu, yana duara la kijivu pembeni, na macho yanakuja, yanafumbuka, ananitazama, anasema ndaga mwanangu, ile asante yetu, na mimi nashtuka kwa sababu nimesema kwa sauti yangu mwenyewe na amesikia. Wengine wanasukumana. Mimi meno! Mimi nyusi, nyusi tu hazikugharimu! Mimi nilikuwa na kidoti shavuni, nina hakika! Msichana mmoja wa rika langu, mwembamba, sweta la shule limevaliwa nje ndani, amekaa kwenye kizingiti cha duka hasukumi mtu. Namuuliza, na wewe? Anasema, mimi hata sura niache, nipe kicheko, hapa hakuna anayecheka. Na mimi sina cha kufikiria, kicheko ninachokijua vizuri duniani ni kimoja. Nampa. Kinaanzia puani kama mtu aliyepaliwa.

Mji wote unageuka kumtazama. Kicheko kinamtoka yule msichana, kinatoka tena, halafu kinamwacha, kinakimbia chenyewe mtaani, kinapita kwenye baraza za maduka, kinagonga mabati, nakijua mpaka mahali kinapokata pumzi. Naacha kitanda nakikimbilia. Nyuma yangu Sumaku anapiga kelele, Atu, usiniachie mzigo peke yangu! Narudi nashika chuma, tunakimbia wote na kitanda, kinaruka kwenye mashimo, vijiko vinamdondoka Sumaku na kumrudia, kicheko kinakata kona kwenye uzio wa michongoma, kinapanda ngazi za nyumba ambayo wakati mmoja ni ya kina Subi na wakati mmoja ni jiko la bibi, kinaingia. Sisi tunafika mlangoni na kitanda kinakwama. Kimekwama katikati ya mlango, hakiingii hakitoki, kama Ikupa alivyosema. Navuta, Sumaku anasukuma, blanketi linanasa kwenye bawaba, linavutika, linaanguka chini.

Hakuna mtu. Kuna mbao za kitanda na baridi kidogo, kama asubuhi. Namtazama Sumaku. Anatazama misumari yake. Nasema, ulijua. Anasema, kitanda nakokota mimi, nisijue? Tangu lini? nasema. Anasema, tangu zamani, Atu, tangu alipoacha kumalizia maneno kwenye simu. Asubuhi moja nikavuta nikaona kimekuwa chepesi. Nasema, na ulikuwa unavuta nini siku zote hizo? Na huyu shujaa mkubwa mwenye pasi kiunoni anaanza kulia kwa mtindo wa Ikupa, kwa hasira, anajifuta na kiwiko. Ungesema mimi ndo nimemwangusha, anasema. Kila ukituambia kuna mlima unauliza kwanza, na Ukungu yuko salama? Nikujibu nini? Nilikuwa nakuambia yuko salama. Nimechoka kukuambia yuko salama. Nataka kumshika mkono na mkono wangu unanata kwake japo mimi siyo chuma.

Tunapanda juu ya kitanda, tunaruka upande wa pili, tunaingia. Ndani kuna dirisha moja kubwa, na siyo nyota zilizoko nje. Ni chumba. Kina feni juu, kina joto, naona joto lenyewe, kuna wasichana wamekaa kwenye mkeka na korosho kwenye sahani, na katikati yao dadu, na Subi. Amekuwa mrefu. Amesuka vingine. Anacheka kile kicheko, kimefika kwake, kumbe kilikuwa kinarudi nyumbani. Anawaambia kitu wenzake kwa mikono, anawapa mlima, anawapa mto, anageuza sauti, naona midomo inavyogeuka, amekuwa msimulizi. Na pembeni ya mkeka, ukutani, kuna vitanda viwili vya kamba. Mmoja kati ya wale wasichana anataka kukaa kwenye kimoja, na Subi anamshika sketi haraka, anaweka kidole mdomoni. Nasikia kupitia kioo, mbali, kama simu ya mama katikati ya benchi. Siyo hapo, anasema, wenzangu wamelala. Wamelala tangu lini? anauliza yule msichana. Subi anasema, tangu tuhame, hawajanitafuta, sheria ni mpaka waamke wenyewe. Yule msichana anasema, na tunawabeba mpaka lini, jamani? Hata huko kwenye nyota tunakwenda nao? Subi anavuta khanga juu ya kitanda cha kwanza na naona mguu umetokeza, ni mguu wangu. Ule ukucha mdogo uliokatika ni wangu.

Nagonga kioo. Hakitoi sauti. Sumaku anagonga na mfuniko wa sufuria, hakitoi sauti. Mlinzi amefika, amekuwa mrefu mpaka ameinama kwenye dari, ananiambia, msimulizi, mbele yako kuna kioo. Namwambia, naongea kama nani, kama malkia? Nafungua mdomo wa malkia, kioo kimya. Nafungua mdomo wa mwanajeshi, wa mto, wa jambazi. Kimya. Huko ndani Subi anachukua dadu, anazitikisa, sasa hivi atazirusha na wataondoka, naona kwenye uso wake wanaondoka, na mimi nabaki nimelala ukutani kwao au kitanda kitupu kimebaki mlangoni kwetu, sijui kipi kibaya. Na hapo ndo najua siri ya safari. Hakuna sayari. Hakuna ujumbe wa siri wa wakubwa. Nimepanga safari ndefu kuliko zote ambazo mtu anaweza kupanga, mpaka jua linakuwa nukta, ili Masasi ionekane karibu. Nalisema hilo. Nalisema kwa sauti ile ambayo mwalimu huuliza nani kaongea. Subi anainua kichwa. Dadu ziko hewani.

Benchi. Makaratasi yamenata shavuni. Moto umekuwa majivu na mtu amenifunika khanga, na natoa mguu haraka, nautazama, ukucha ni uleule, lakini hilo halithibitishi kitu. Mvua imekata. Kimya ni kingi mno, kimya cha mahali palipozimwa mashine. Natoka mpaka mlangoni nione mlima uko mkono gani, na ukungu umefunika kila kitu, hakuna kulia hakuna kushoto, kuna weupe tu na sauti ya mtu anamwita kuku. Bibi anapita na ndoo, namtazama usoni mpaka anasema, nini wewe, nina masizi? Namwambia hapana, bibi, unaonekana vizuri. Anasema, haya, mama yako amerudi, mbona umelala kama mtu aliyesafiri?

Nakwenda kwa Ikupa kwanza, nje kwao, bila hata kujifunika. Namwambia, Ukungu hafi, na Edina atatengeneza shujaa wake mwenyewe, nitamsaidia. Anasema, na kitanda? Namwambia, kiache. Kiache hapohapo kilipo, usikivute tena. Nilitegemea atacheka, au atasema si nilikuambia. Anasema, una uhakika? Maana mi naweza kukivuta kidogo tena, siyo kizito hivyo. Halafu anajifuta na kiwiko, na mimi nashindwa kujua niko upande gani wa kile kioo, kwa sababu sijamsimulia mtu ndoto yangu.

Narudi, naomba simu ya mama. Anasema usimalize chaji. Nakaa kizingitini, naandika, nafuta, naandika kama malkia, nafuta. Mwisho naandika hivi: Subi, ni Atu, siyo mama. Kesho tunaanza safari mpya, ya kwenye nyota. Ukungu hatujamwua na hatujampa mtu. Tumemwacha aende anakotaka, mlango wa chombo uko wazi, akitaka kurudi apite chini yake kama zamani, asipotaka ni sawa, sitakasirika. Tumekukumbuka. Na kama huko kwako mimi na Ikupa tumelala, usitubebe tena, tuamshe tu, tutaitika. Natuma. Inakwenda. Tiki moja, halafu ya pili. Mama anaita mara moja, anaita tena, nasema nakuja. Chini ya jina la Subi inaandika yupo hewani, halafu haiandiki kitu. Nangoja. Skrini inazima, naigusa, inawaka.